Mwanangu Alipoanza Kupungua

Miguu ya mwanangu Mwinshehe ilipoanza kujaa, watu walinipongeza. Wallahi nawaambia! Wanawake niliokuwa nikianika nao dagaa mchangani walimpitia pale nilipomketisha, wakambinya mashavu na kusema, "Siwema, mtoto kanona huyu! Unampa nini?" Nami, mpumbavu wa kutupwa, nikacheka, nikasema nampa ugali wa muhogo kama wao tu. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa. Uso wa mviringo, miguu imeumuka kama andazi. Lakini hachezi. Ukimweka hapa asubuhi, mchana unamkuta hapa hapa. Nzi akimtua mdomoni hamfukuzi. Hayo niliyaona mimi peke yangu.

Mwaka ulikuwa sabini na tano. Tuliishi kijiji cha ujamaa ufukweni, kaskazini ya mji wa Kigoma, nyumba zimepangwa mstari kama tulivyoamriwa. Mume wangu Amuri ni mvuvi, na kipindi kile alikuwa kwenye kambi ya mbali. Nyumbani alirudi wakati wa mbalamwezi tu, maana dagaa huvuliwa gizani. Nilibaki na mama mkwe wangu, Bi Dunia, mwanamke ambaye akikohoa wewe unasimama. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Bi Dunia alipoigundua alisema maziwa ya mwenye mimba ni sumu, akanipaka pilipili kwenye matiti, na ziwa la Mwinshehe likaisha siku hiyo hiyo. Mtoto alilia siku tatu. Ya nne akanyamaza, tukasema amezoea.

Kisha nywele zake zikageuka rangi ya kutu. Ukizivuta kidogo zinabaki mkononi. Hapo ndipo nilipoanza kumfunika kanga gubigubi hata jua likiwa kali, maana nilijua neno litakalosemwa. Kubemenda. Nyie mnaozaa siku hizi mnalicheka. Sisi lilitukata maini. Mtoto mchanga akidhoofu au akivimba, ilisemwa mama yake au baba yake ametoka nje ya ndoa, na uchafu wao umemwingia mtoto. Sasa mimi, mume yuko kambini na tumbo liko mbele. Nani angeuliza maswali mawili?

Basi nikamficha mwanangu, na katika kumficha nilikuwa namuua. Hilo nalijua leo.

Sasa huyu Marcelina. Mfupi, mwenye mikono mipana, Muha wa milimani. Aliletwa kwetu na lori wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini. Alishuka na jembe, chungu na mkeka, hana mume, hana mtoto. Tulisikia amezaa wawili na wote wamelala huko milimani, lakini hakuna aliyemuuliza. Ziwa alikuwa analiogopa. Akikaa ufukweni hulipa mgongo, na tulimcheka kwa hilo. Asubuhi alitusalimia "Mwakeye!" kwa Kiha chake, hata sisi tuliotoka ng'ambo ya Kongo na mababu zetu, nasi tukamwitikia kwa kumwigiza sauti. Hakujali. Marcelina hakuwa mtu wa mzaha.

Alijua kusoma. Kijiji kilipotakiwa kutoa mwanamke mmoja aende mjini wiki tatu akafundishwe kulisha watoto, kila mwenye mume alikataa, na mkutano ukamsukumia yeye. Akarudi na daftari, sufuria kubwa na mambo mapya. Akapewa kibanda cha nyasi kando ya ofisi ya kijiji, tukakiita kituo. Kila asubuhi mama anayekwenda shamba au mchangani anaacha pale watoto wake wadogo, na kila mtoto aje na kitu mkononi: dagaa wa kukunja ngumi, au karanga, au sombe, yaani majani ya muhogo, au kijiko cha mawese. Asiye na kitu aje na ukuni.

Na fujo zikaanza hapo. Kwetu watoto hula sinia moja. Mwenye mkono mwepesi anashiba, mzito anaramba vidole. Marcelina alikata vibuyu, akavichoma alama kwa msumari wa moto, kila mtoto na chake, akakaa katikati yao na mwiko kama askari. "Hakuna kunyang'anya. Hiki ni cha fulani. Hata akichelewa kumaliza, ni chake." Wazee walishika vichwa. Kula peke yako na chombo chako, tangu lini? Mwenye kula peke yake tulijua ni mchawi.

Halafu akawafundisha neno. Nyumbani kwetu samaki akiiva, baba anapewa mgongo na kichwa, mgeni na bibi wanafuata, na watoto wanachovya ugali kwenye mchuzi na kushukuru. Marcelina akawaambia wale wadogo, wenye miaka mitatu, minne: "Ukiona samaki hajakufikia, uliza kwa adabu, na changu kiko wapi?" Loo! Mjukuu wa mwenyekiti wetu, Mzee Oswald, aliuliza hivyo mbele ya wageni kutoka wilayani, na mzee akakwamwa na mwiba. Wanaume wakasema mwanamke huyu anafundisha watoto ulafi. Wakaitisha mkutano. Mmoja akasimama na jambo la mayai, kwamba mtoto akila yai anakuwa mwizi, kila mtu anajua. Marcelina akatoa yai la kuchemsha kwenye kanga yake, akalimenya taratibu, akalila lote, akameza. "Haya," akasema, "kikipotea kitu kijijini njooni mnifunge mimi." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Lakini mayai hatukupeleka.

Mwinshehe sikumpeleka kituo. Ningempelekaje akamfunue kanga?

Akaja mwenyewe. Ilikuwa mchana, Bi Dunia ameenda msibani. Nilikuwa nimekaa na mtoto ndani, mlango umerudishwa, nikasikia hodi na mtu yuko ndani tayari.

"Dada Marcelina, karibu, ila mtoto amelala."

"Hajalala. Macho yako wazi." Akachuchumaa, akamfunua miguu kabla sijamzuia, akabonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, akahesabu kimoyomoyo, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Lilibaki pale kama umebonyeza donge la ugali wa moto, na mwanangu hakulia wala hakuvuta mguu.

"Siwema, mdogo wangu, huyu hajanona. Haya ni maji. Ni njaa."

"Njaa gani? Anashiba huyu!"

"Anashiba muhogo. Unaanika dagaa kutwa mchangani, yeye amekula wangapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba dagaa wanaleta minyoo kwa watoto. Akamfunika mtoto miguu. Akasema kesho tumpeleke hospitali ya mjini, yeye atanisindikiza. Nikakataa. Akauliza kwa nini. Nikashindwa kusema, nikaanza kulia, nikashika tumbo langu, na yeye akaelewa. Wanawake wa milimani nao wanalijua neno lile.

"Sikiliza," akasema. "Hakubemendwa mtu hapa. Lakini kama unaogopa boti la mjini na macho ya watu, nipe wiki mbili. Mlete kwangu nyumbani, si kituoni. Nitamlisha. Asipopata nafuu, twende hospitali hata kama dunia nzima inatutazama. Umekubali?"

Nilikubali. Bi Dunia nilimdanganya kuwa nakwenda naye mchangani.

Nilimwona anavyomlisha. Uji mwepesi wa unga, ndani yake dagaa waliotwangwa wakawa vumbi, karanga, mawese kidogo yanayong'aa juu. Mtoto anatema. Marcelina anafuta kidevu, anangoja. Kijiko kingine. Anatema nusu, anameza nusu. Mimi ningeshambana pua nikamtilia kwa nguvu, ndivyo tulivyolelewa, lakini nilipojaribu alinipiga kibao cha mkono. "Mtoto akilazimishwa anajifunza kuogopa chakula. Ngoja." Akawa anamwimbia kwa Kiha, sauti yake mbaya kweli kweli, kijiko baada ya kijiko, kila jua likisogea kidogo anaanza tena. Siku ya pili mtoto hakutema.

Siku ya nne alianza kukojoa. Alikojoa, jamani, nikamaliza kanga zote. Jioni yake nikaona vidole vya miguu vimetokeza, nikafurahi. Siku ya sita mashavu yakaanguka. Nikatazama vizuri nikaona mbavu. Mbavu za mwanangu ambazo sikuwahi kuziona! Ngozi ya mapaja ikaning'inia kama suruali ya mtu mzima. Uso ukawa wa kizee. Siku ya nane nilipomfunga mgongoni niligeuka kutazama kama yumo, maana nilihisi nimefunga kanga tupu.

Mnaelewa hofu hiyo? Mtoto niliyempeleka kwa yule mwanamke alikuwa mnene. Wiki moja, amekwisha. Anakula kila siku na kila siku anapungua. Chakula kinaingia, na nyama inatoka. Inakwenda wapi?

Siku hiyo Bi Dunia alimfunua. Alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele, akaniambia nimpe mjukuu wake ambusu. Alipoondoa kanga, ungo ukamdondoka. Hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia. Alisema kwa sauti ya chini, "Umempeleka kwa nani?" Nikasema. Akasema, "Analiwa huyu. Mwanamke aliyezika wawili wake, hana mtu, analisha kila mtoto na kibuyu chake. Na wewe umempelekea wa kwako mlangoni." Kila alilolisema nilikuwa nimelijua muda wote, ila sikuwa nimelipanga pamoja.

Nikakimbia kwa Marcelina na mtoto mgongoni. Ndani yangu nilikuwa naomba anicheke. Anifokee tu, aniite mjinga, aseme ndivyo inavyokuwa. Nikamwekea mtoto mbele yake, nikasema, "Dada, mbona anakwisha?"

Hakunicheka. Alimgeuza mtoto, akampapasa mgongo, akaenda kuchukua daftari lake. Alilifungua, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akarudi nyuma, akaanza tena.

"Sijui, Siwema," akasema. "Hapa hawakuandika. Au walisema sikusikia. Sijui. Kesho asubuhi tumpeleke mjini, lazima."

Nikamtazama machoni, nikaona hofu. Mimi, mtu niliyekuwa nimejaa hofu mpaka kooni, niliiona ya mwenzangu nikaiita hatia. Nikasema moyoni, kumbe kweli. Anaogopa kwa sababu nimemgundua.

Nikatoka mbio nikipiga ukelele, na kwetu mwanamke akipiga ukelele ule watu wanaacha hata nyavu majini. Wakajaa mbele ya ofisi ya kijiji. Nikamvua mwanangu nguo mbele ya kila mtu, nikamwinua juu, mifupa mitupu. "Mlimwona! Mlimwona alivyokuwa! Marcelina anamla mwanangu! Anamuua!"

Marcelina alikuja akasimama pembeni, mwiko uko mkononi, sijui kwa nini aliubeba. Watu wakaacha nafasi kumzunguka. Mzee Oswald, ambaye hakupenda mambo hayo, akasema, "Marcelina, jitetee. Sema neno." Alikuwa mwanamke wa maneno, nyie mmesikia habari ya yai. Siku hiyo alimtazama mtoto mikononi mwangu, akafungua mdomo, akaufunga. Na watu wote, mimi wa kwanza, tukajua maana ya kimya chake. Jua lilikuwa linazama, Mzee Oswald akatutawanya, akasema neno litaamuliwa kesho.

Kesho yake kabla ya jua kutoka Bi Dunia alinitoa na mtoto. Kulikuwa na mganga nyuma ya Mwandiga, wa kutegua mambo kama hayo. Akaniapisha: samaki, yai wala mafuta visipite mdomo wa mtoto mpaka mganga amemwona. Maji tu. Nikapanda njia ya mlimani. Njia ile ni ya mawe na mimi nina mimba, lakini sikusikia uchovu. Kila hatua ishirini nilisimama nikaweka kiganja nyuma, nisikie kama kifua chake kinapanda. Nikikisikia, natembea. Nikikosa, moyo unanipasuka, namfungua, namtikisa, anafumbua macho ya kizee, namfunga tena. Nilisoma kila sura niliyoijua, na sikujua nyingi. Nilimwambia Mungu amchukue aliye tumboni, simjui, aniachie huyu. Nilimwambia hivyo, na niliposikia nilichokisema niliogopa zaidi.

Nilifika Mwandiga jua likiwa limesimama. Nikaketi kando ya barabara kupumua. Karibu yangu kulikuwa na mama mmoja mchuuzi, amekaa na kapu lake, anakula samaki, mgebuka wa kuchoma, na ndizi. Harufu ikatujia.

Mwinshehe akageuza kichwa. Nikadhani ni shingo imelegea. Kisha mkono wake ukatoka kwenye kanga, kijiti kile, ukanyooka kuelekea kwa yule mama, na mwanangu akalia. Si kunung'unika. Alilia kwa hasira, amekunja uso, anapiga mateke mgongo wangu, kilio cha mtoto anayedai chake, na mimi tangu pilipili ile nilikuwa sijakisikia. Yule mama akacheka, akamega mnofu, akatoa miiba, akamnyooshea.

"Hapana!" nikapiga kelele. "Amekatazwa!"

"Amekatazwa kula? Na nani, mama? Mtoto huyu?"

Nilisimama pale kama nimefungwa kamba. Nikimpa, nimevunja kiapo, na pengine mnofu huo ndio wa mwisho. Nikimnyima, analia mbele yangu na njaa. Mkono ukaamua kabla yangu. Nikauchukua ule mnofu nikamtia mdomoni, nikafumba macho, nikangoja afe.

Akameza, akadai mwingine.

Yule mama alimtazama mtoto mbavu, akanishika mkono akanivuta mpaka zahanati ya pale. Mganga wa zahanati alikuwa kijana anaitwa Nikodemu, ana miwani iliyofungwa uzi. Nikamweleza yote, na neno la kubemenda nikalisema, sikuwa na nguvu ya kuficha tena. Alibonyeza unyayo wa mtoto. Shimo halikubaki. Akauliza, "Alikuwa amevimba? Na amekojoa sana?" Nikasema ndiyo. "Mama, mtoto wako hakupungua juzi. Alikwisha zamani, ulikuwa huoni kwa sababu ya maji. Akianza kulishwa vizuri maji yanatoka kwanza, ndipo unauona mwili wenyewe ulivyobaki. Sasa ameanza kuomba chakula, atajaa nyama ya kweli. Nani alimlisha?"

Nikainama nikamfunga mtoto kanga.

"Aliyemlisha amemwokoa," akasema. "Mshukuru."

Niliinuka. Furaha? Sikupata hata nafasi ya kuionja. Palepale nilikumbuka nilivyouacha uwanja wa kijiji, watu walivyoacha nafasi kumzunguka Marcelina, na vijana wawili waliokuwa wameanza kuokota mawe. Hofu yangu haikupungua hata chembe, ilihama tu ikaenda kwake. Nikashuka mlima ule nikikimbia, mwanamke mwenye mimba na mtoto mgongoni, narudia njia nzima, "Subirini, subirini," kana kwamba wananisikia.

Hawakusubiri. Nyumba ya Marcelina ilikuwa imevuliwa paa, nyasi zimetapakaa, chungu vipande vipande, kuta zimesukumwa ndani. Watu walikuwa wanaendelea na kazi zao na hakuna aliyenitazama. Nikamkuta Mzee Oswald kwenye ngazi ya ofisi, amechanika kanzu. Alikuwa amemtoa Marcelina katikati ya watu, akamwingiza kwenye mtumbwi, yeye anayeogopa maji, akawaambia wavuvi wampeleke mjini kwa kaka yake Marcelina, Anatoli, aliyekuwa akikaa mtaa wa Gungu.

"Wamempiga?"

"Kidogo," akasema mzee. "Hakukimbia, Siwema. Alikaa tu."

Nikamweleza alichosema Nikodemu. Akavua kofia yake akaishika mkononi. Nyuma yake kituoni watoto walikuwa wamekuja wenyewe kwa mazoea, wamekaa, kila mmoja na kibuyu chake kitupu, wanangoja uji. Walingoja hadi mama zao walipokuja kuwachukua.

Mtasema nilikwenda Gungu siku ileile. Sikwenda. Siku tisa sikwenda! Nitawadanganya nini? Niliogopa. Nilipika uji wa Mwinshehe kama nilivyomwona yeye akipika, na Bi Dunia aliponishika mkono nilimwambia, mimi niliyekuwa sithubutu kumwinulia macho, "Mama, ukigusa kijiko hiki tutakosana." Mtoto alikula. Siku ya saba alisimama akishika ukuta. Siku ya tisa Amuri akarudi na mbalamwezi, akasikiliza habari yote, akampakata mtoto. Akasema, "Na yule mama utamwendea lini?" Nikasema kesho.

Nilikwenda kwa boti, na watu wote wananitazama. Gungu niliuliza nyumba kwa nyumba. Mwinshehe alilala mgongoni, nikamfunika kichwa kwa ajili ya jua. Nilimkuta Marcelina uani kwa kaka yake, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja. Wa pili umefungwa kitambaa shingoni. Jicho moja bado lilikuwa na wekundu.

Aliponiona alisimama, mahindi yakamwagika. Akarudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Nikafungua mdomo kusema nisamehe, lakini yeye aliniwahi.

"Mmemzika wapi?" akauliza.

Sikuelewa.

"Uliposema namuua, mimi nilikuamini," akasema. "Wangu walikufa wamevimba. Mtoto anayepungua hivyo akaishi sikuwahi kumwona. Nilisema basi, kumbe ni mimi, na wale wangu pia ni mimi. Niambie mmemzika wapi, Siwema, nikaweke hata jiwe."

Siku tisa alikuwa amekaa pale na kitu hicho, na mimi nilikuwa nampikia mwanangu uji. Vidole vyangu viligoma kufungua fundo la kanga, nikalivuta kwa meno. Nikamgeuza Mwinshehe mbele, bado na usingizi, nikamsimamisha chini kwa miguu yake. Akayumba, akaona mahindi yamemwagika, akachuchumaa akaokota punje, akatia mdomoni.

Marcelina akaporomoka na ukuta mpaka chini. Hakusema amenisamehe, si siku ile wala baadaye, na kijijini hakurudi kuishi. Mwiko wa kituo niliushika mimi kwa miaka kumi na moja. Siku ile alinyoosha mkono wake mzima, akamtoa mtoto punje mdomoni kwa kidole, akasema hizo mbichi, zitamkaba. Kisha akasema, bila kunitazama, "Niachie mpaka jioni. Nataka nimwone anakula."

Nikamwachia, nikatoka uani nikakaa nje barabarani mpaka jioni.